Mtaa wa I'On: Nyumba za mtindo wa kale zilizofikishwa Mahakama ya Juu

Inakaribia miaka 30 tangu madiwani wa Mount Pleasant, mji ulio ng'ambo ya mto Cooper mkabala na Charleston, jimbo la South Carolina nchini Marekani, wapige kura kuruhusu ekari 243 za iliyokuwa ardhi ya mashamba makubwa zijengwe mtaa wa makazi. Mtaa huo ni I'On. Siku hizi hutajwa kila wanapokutana wataalamu wa mipango miji wanaotaka kurudisha ujenzi wa zamani wa Kusini mwa Marekani. Mwaka 1997 mtaa huo ulikuwa chanzo cha ugomvi uliopanda hadi Mahakama ya Juu ya jimbo.

Ukiusoma ugomvi huo leo unashangaa, kwa sababu hapakuwa na kiwanda wala dampo lililotaka kujengwa. Zilikuwa nyumba za mbao zenye baraza, madirisha marefu na paa za mwinuko, zilizokaribiana, kwenye barabara nyembamba zenye miti. Yaani nyumba za aina ileile ambayo maelfu ya watalii huvuka daraja kila mwaka kwenda kuitazama Charleston.

Ni vizuri kuzifahamu nyumba zenyewe kabla ya kuingia kwenye kesi. Charleston ina aina yake ya nyumba, yenye upana wa chumba kimoja tu, iliyosimama ubavu. Upande mwembamba ndio unaotazama barabara, na ubavuni kuna baraza ndefu ya ghorofa mbili inayoelekea kusini au magharibi ili kunasa upepo wa bahari. Mlango wa barabarani haukuingizi sebuleni. Unakufikisha barazani, na kutoka hapo ndipo unapouendea mlango wa nyumba katikati ya ubavu. Ukikuta mlango wa nje umefunguliwa, wenyeji wanapokea wageni. Ukiwa umefungwa, wamepumzika. Msomaji wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa zaidi: hiyo ni baraza, nafasi iliyo kati ya mtaa na siri za ndani. Dari ya baraza hupakwa rangi ya samawati hafifu. Wagullah, kizazi cha Waafrika waliofanywa watumwa katika pwani hiyo, waliamini rangi hiyo huwazuia pepo wabaya wasiingie ndani.

Na hapo ndipo historia ya nyumba hizi inapotuhusu. Mwaka 1976 mtafiti John Michael Vlach alichapisha uchambuzi wa nyumba nyingine nyembamba za Kusini, zile za New Orleans, akizifuatilia hadi Haiti na kutoka huko hadi Afrika Magharibi. Alishikilia kwamba hata ile baraza ya mbele, inayoonekana kuwa alama ya Mzungu wa Kusini, ina deni kubwa kwa Afrika. Wapo wanaobishana naye juu ya asili ya umbo, lakini juu ya mikono iliyojenga hakuna ubishi. Maseremala, waashi, wafyatua matofali na wahunzi wa Charleston walikuwa kwa wingi watu weusi, watumwa na walio huru. Mabwana zao walitajirika kwa mpunga na nili, na bandari hiyo iliingiza sehemu kubwa ya Waafrika walioletwa Amerika Kaskazini. Ilipofunguliwa tena kwa biashara ya watumwa kati ya 1803 na 1807, baadhi ya meli zilitoka hata pwani yetu, Msumbiji.

Ufundi huo haukufa na utumwa. Philip Simmons, aliyezaliwa mwaka 1912 katika kisiwa cha Daniel, alifundishwa uhunzi na mzee aliyezaliwa utumwani. Alifua mageti na vizuizi vya chuma zaidi ya 500 kabla ya kufariki mwaka 2009. Ukipita mitaa ya Charleston ukaona geti lenye chuma kilichopindwa mithili ya mmea utambaao, huenda ni kazi yake.

Mwaka 1931 Charleston ilitunga sheria ya kulinda eneo la nyumba zake za kale, ya kwanza ya aina hiyo Marekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili gari likatawala na vitongoji vikatapakaa. Mount Pleasant, iliyokuwa na wakazi wapatao 30,000 mwaka 1990, ikaanza kufurika watu.

Hapo ndipo anapoingia Vince Graham, mjenzi aliyekwisha kujenga mtaa mdogo wa Newpoint karibu na Beaufort kwa mtindo huohuo. Hoja yake ilikuwa nyepesi, na mimi naiona ya kweli: sheria za vitongoji zilikuwa zimefanya kile ambacho Charleston inakilinda kuwa haramu kukijenga upya. Zilidai viwanja vipana, nyumba zisogezwe nyuma mbali na barabara, barabara zenyewe ziwe pana, na maduka yatengwe na makazi. Kwa sheria hizo, mtaa mzuri kuliko yote wa Charleston usingepata kibali upande wa pili wa mto. Graham akaajiri kampuni mbili zenye jina katika fani hiyo, Dover, Kohl & Partners na Duany Plater-Zyberk, iliyokuwa imekwisha kusanifu mji wa Seaside, Florida. Mpango wao wa kwanza ulikuwa na makazi zaidi ya 1,000, yakiwemo ya kupangisha, pamoja na maduka.

Mji ukawaka moto. Majirani walilalamikia magari yatakayojaa barabara ya Mathis Ferry, wingi wa watu, na hasa zile nyumba za kupangisha. Mpango ukakataliwa. Graham akarudi na mpango uliopunguzwa. Idadi ya nyumba ilishuka hadi kama 760, maduka yakapunguzwa, na makazi ya kupangisha yakafutwa yote. Madiwani wakaupitisha mwaka 1997.

Wapinzani hawakukubali. Walikusanya saini za wapiga kura, wakitumia sheria ya jimbo inayowaruhusu wananchi kudai sheria ndogo ya mji ifutwe kwa kura ya maoni. Kampuni ya Graham ikaenda mahakamani, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya South Carolina. Mwaka 2000 mahakama iliamua kwamba kura ya maoni haiwezi kutumika katika kupanga matumizi ya ardhi. Sheria ya mipango, ilisema, imeweka njia yake: tangazo kwa umma, kusikiliza hoja, kisha uamuzi wa madiwani. Kuipindua njia hiyo kwa saini ni kuiruka. Mawakili wa South Carolina huinukuu hukumu hiyo mpaka sasa katika mashauri yasiyohusu nyumba kabisa, kwa sababu ilieleza pia utaratibu wa kukata rufaa.

Graham alishinda kesi, lakini katika ugomvi wenyewe mshindi ni aliyetaka makazi ya kupangisha yafutwe. Charleston ya kale ilichanganya tajiri na fundi katika mtaa mmoja, nyumba kubwa mbele na chumba cha uani nyuma. I'On ilirithi baraza, dari za samawati na barabara nyembamba zinazolazimisha madereva kupunguza mwendo. Mchanganyiko wa watu haikuurithi. Ni mtaa wa kupendeza wenye maziwa mawili, na tangu muongo wa 2000 una hata kanisa la Kiorthodoksi lenye kuba. Lakini mwalimu au mhudumu wa hoteli hana mlango wa kuingilia.

Jina nalo lina lake. Jacob Bond I'On, aliyefariki mwaka 1859, alikuwa ofisa wa jeshi, mwanasiasa na mwenye mashamba na watumwa. Umbali mfupi kutoka mtaa wa I'On kuna mtaa wenye jina la aina nyingine: Scanlonville. Mwaka 1868, miaka mitatu tu baada ya utumwa kukoma, Robert Scanlon, seremala aliyewahi kuwa mtumwa, aliongoza kampuni ya watu weusi 100 waliochanga dola 10 kila mmoja. Walinunua shamba la Remley lenye ekari 614 na kugawana viwanja. Huo pia ulikuwa mtaa mpya wa nyumba za Kusini, uliopangwa na fundi mwenyewe. Kuanzia 1930 ulikuwa na ufukwe wa burudani wa watu weusi, enzi ambazo fukwe nyingine ziliwafungia, na Duke Ellington alipiga muziki pale. Wazao wa waanzilishi wamelazimika kwenda mahakamani kulinda hata makaburi yao.

Tangu kesi ya I'On, Mount Pleasant imeendelea kukua hadi zaidi ya watu 90,000, daraja jipya la Ravenel likafunguliwa mwaka 2005, na viwanja vya Scanlonville vinawindwa kwa ajili ya nyumba za kifahari. Kando ya Barabara Kuu ya 17 akina mama wa Kigullah bado wanauza vikapu vya nyasi za pwani kama bibi zao walivyosuka, huku mahali pa kuvuna nyasi pakizidi kupungua.

Madiwani wa Mount Pleasant wanaojiandaa kusifu miaka 30 ya I'On wana nafasi ya kufanya mambo mawili. Waruhusu tena, katika mitaa mipya ya mtindo huu, zile nyumba za kupangisha zilizofutwa katika mpango wa Graham. Na sheria ya ulinzi ambayo Charleston iliwapa matajiri wake mwaka 1931, waipe Scanlonville kabla viwanja vyake havijaisha.