Ng'ombe wa Nani? Kisu, Kifua Kikuu na Fidia katika Milima ya Lubero

Mkaguzi wa nyama hupasua tezi moja moja: za koo, za mapafu, za matumbo. Mara nyingine mkono hutambua kabla ya jicho, maana kisu hukwaruza kama kimekuta mchanga, kisha hutoka kitu cha manjano, kikavu, mfano wa jibini. Ndicho kifua kikuu. Ugonjwa ukiwa umekaa mahali pamoja, kiungo hicho hutupwa na nyama iliyobaki huuzwa. Ukiwa umeenea, mnyama mzima ni wa shimo au wa moto. Mchinjaji anabaki na ngozi, pengine hata hiyo hana, na deni la watu.

Musienene, makao ya uchifu wa Baswagha kwenye barabara ya Butembo na Lubero, mashariki ya Kongo, ni mahali pazuri pa kuuliza deni hilo ni la nani. Wanande, wenyeji wa milima hii, ni watu wa shamba na mbuzi. Mahari ya jadi ilihesabiwa kwa mbuzi. Ng'ombe wa mafami makubwa walifuata ardhi waliyogawiwa walowezi, hasa baada ya Comité National du Kivu kuundwa mwaka 1928. Wazungu waliipenda baridi ya Lubero, nao ng'ombe waliipenda, kwa sababu mbung'o hawapandi huko. Katika bonde la Semliki mambo yalikuwa mengine: watu walihamishwa kwa sababu ya malale, na nchi yao ikamezwa na hifadhi ya wanyama.

Amri ya kikoloni ya tarehe 28 Julai 1938 kuhusu afya ya mifugo iliweka kazi ya veterineri chini ya sheria. Mwezi uleule, ng'ambo ya Uganda, nchini Kenya, Wakamba waliacha nyumba zao Machakos wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Ng'ombe wao walikuwa wamekamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, Serikali ikidai wamezidi malisho. Ugonjwa haukuwa hoja pale. Lakini atakayesema kwamba mfugaji wa Afrika ya Mashariki humkimbia veterineri kwa ujinga aikumbuke safari ile: watu walishajifunza kwamba mtu wa Serikali akihesabu ng'ombe, idadi yao hupungua.

Somo lilirudi mwaka 1973. Sheria ya Julai iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Mwezi Novemba Rais Mobutu akatangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapewa wazalendo. Fidia iliahidiwa. Wengi hawakuiona, na mafami mengi yalikabidhiwa watu ambao hawakuwahi kukamua. Vita vya miaka ya 1990 vikamaliza kazi: makundi ya ng'ombe ya Kivu ya Kaskazini yaliporwa na kuliwa, na waliotaka kufuga tena walianza na ndama wawili watatu.

Ng'ombe wa leo hana mwenyewe mmoja. Mwenye hati ya shamba anakaa mjini Butembo. Mchungaji analipwa fedha kidogo na maziwa, pengine pia kwa ahadi ya mtamba. Jirani ameweka dume lake humo kwa masikilizano ya mdomo. Mchinjaji amemchukua mnyama kwa mkopo, atalipa nyama ikiisha. Ukisema "mwenye ng'ombe alipwe", umesema neno jepesi sana. Anayeumia ni yule aliyemshika mnyama wakati kisu kinaingia, na mara nyingi ndiye mwenye mtaji mdogo kuliko wote.

Huko Marekani, mpango wa kutokomeza kifua kikuu cha ng'ombe ulioanza mwaka 1917 uligawa hasara kati ya Serikali kuu, jimbo na mfugaji. Hoja ilikuwa wazi: ng'ombe anauawa ili mtoto wa mtu mwingine anywe maziwa salama. (Robert Koch, aliyegundua kijidudu chenyewe mwaka 1882, alisema London mwaka 1901 kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si tishio kwa watu, lakini tume ya Uingereza ilimaliza kazi mwaka 1911 ikimkanusha.) Hata kwa malipo hayo, mwaka 1931 wakulima wa Iowa walizuia vipimo, na gavana akatuma askari. Basi pasipo malipo yoyote mtu atafanya nini? Sindano ya tuberkulini, ya kupima ugonjwa, huchomwa shingoni, na ngozi husomwa baada ya saa 72. Saa 72 zinatosha kabisa kumfikisha ng'ombe sokoni.

Na kuua kundi zima la ng'ombe hakungetosha, kwa sababu ugonjwa upo hata porini. Mwaka 1963 wataalamu waliandika juu ya kifua kikuu katika nyati wa hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, ambayo imepakana na hifadhi ya Virunga upande wa Kongo. Nyati hana mwenyewe wa kulipwa, wala hajui mpaka.

Kwa maoni yangu, fidia ingepaswa kufuata mnyororo, kuanzia mchungaji hadi buchani, si kuishia kwa mwenye hati. Ila mnyororo huo haujaandikwa popote isipokuwa kwenye madaftari ya watu. Wewe uliye Musienene, Lubero au Butembo, ukiwa na daftari la fami la baba yako, cheti cha chanjo au karatasi ya mkopo wa ng'ombe, usifungie nayo sukari. Mwite mwalimu wa historia aione.