Habari za Ardhi na Mikopo kwa Askari Waliorudi Vitani

Baada ya hesabu za fedha za mwaka huu, tumeonelea vema kuwakumbusha wanachama jambo la kale ambalo lingali na maana kwetu, yaani jinsi watu waliotumika katika vita vimoja walivyolipwa kwa mizani mbili.

Vita vya 1914–1918 vilipokwisha, Serikali ya kikoloni iliamua kuwapa askari wa Kizungu mashamba. Mwaka 1919 kura ilipigwa katika ukumbi wa Theatre Royal, Nairobi, na mashamba zaidi ya 1,000 yakagawanywa, mengine bure, mengine kwa bei ya kulipwa kidogo kidogo. Mwafrika hakuwa na nafasi katika kura hiyo. Na hali wapagazi Waafrika waliokufa wakilibebea jeshi la Mwingereza mizigo walizidi 40,000, wengi wao kwa maradhi. Ukumbusho wao umo katika jina la Kariokor, Nairobi.

Katika vita vya 1939–1945 vijana wengi wa Ukambani waliingia jeshi la K.A.R., wakapigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Waliporudi, kiinua mgongo cha Mwafrika kilikuwa kidogo kuliko cha Mzungu wa cheo kile kile. Mzungu aliwekewa mpango wa kumsaidia kupata shamba, tena kulikuwa na Benki ya Ardhi, iliyoanzishwa miaka ya 1930 kwa ajili ya wakulima wa Kizungu. Baadhi ya askari wetu walipata mafunzo katika Jeanes School, Kabete. Kisha kila mtu alijitegemea kwa akiba yake.

Aliyetaka mkopo wa kujenga nyumba ya mawe au duka alikuta vizuizi viwili. Kwanza, sheria ilisema kwamba deni la Mwafrika kwa mtu asiye Mwafrika, likizidi shilingi 200, halidaiki mahakamani ila kwa idhini ya ofisa wa Serikali. Walioitunga walidai kuwa wanamlinda asizame katika madeni. Lakini ni nani atakayekopesha asichoweza kudai? Pili, benki ilitaka hati ya ardhi iwe rehani, na katika akiba za Waafrika hati ya mtu binafsi haikuwapo. Mkono mtupu haulambwi.

Kweli, Serikali ilifungua nchi ya Makueni, ikafyeka vichaka vya mbung'o, ikaweka watu kwa masharti. Lakini mpango ule ulikusudiwa kupunguza msongamano na mmomonyoko wa udongo. Haukuwa haki ya askari. Wengi walisita kuhamia, kwa kuwa walikumbuka vilima vya Mua vilivyochukuliwa na walowezi, na ng'ombe walionyang'anywa mwaka 1938, hata Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kulalamika.

Tunalojifunza ni hili: haki ya mkopo haipimwi kwa riba peke yake. Yapasa kuuliza kwanza ni rehani gani inayotakiwa, na ni nani aliyeruhusiwa kuwa nayo. Hata leo wako wajane wakaao katika mashamba ambayo hati zake zina majina ya wakwe waliokwisha kufa. Nao benki huwarudisha mlangoni. Kwa hiyo twawasihi wanachama wakamilishe mirathi ya ardhi mapema, na wajane waandikwe. Kizuizi walichowekewa baba zetu na wageni tusiwawekee mama zetu sisi wenyewe.