Krypton: Tamthilia iliyokatizwa mtoto akiwa mikononi mwa adui

Tamthilia ya Krypton ilianza kuonyeshwa Machi 2018 katika runinga ya Syfy, Marekani. Shujaa wake ni Seg-El, babu yake Superman, aliyeigizwa na Cameron Cuffe, na mambo yanatukia katika sayari ya Krypton miaka takriban 200 kabla ya Superman kuwapo.

Adam Strange, mgeni kutoka wakati ujao, anamfikia Seg na onyo: Brainiac anakuja kuunyakua mji wa Kandor. Baadaye fumbo linazidi kukaza. Mji huo ukiokolewa, Krypton haitaangamia, na mjukuu hatapelekwa duniani kamwe. Je, mtu auache mji wake utwaliwe kwa ajili ya mtoto asiyemjua? Swali hilo, kuliko mapigano yenyewe, ndilo lililoipa tamthilia hii uzito.

Msimu wa pili ulikamilika Agosti 2019, Brainiac akiwa amemteka Jor-El, mwana mchanga wa Seg na baba mtarajiwa wa Superman. Siku chache baadaye Syfy ikaifutilia mbali, vipindi 20 pekee vikiwa vimeonyeshwa. Tamthilia iliyokusudiwa kumhusu Lobo, mmoja wa wahusika wake, nayo ikaachwa.