Nyumba ya Kilima cha Mierezi

Katika mji wa Washington, ng'ambo ya mto Anacostia, pana kilima ambacho juu yake imesimama nyumba ya matofali yenye baraza pana mbele yake, na mtu akikaa barazani hapo huuona mji umetandaa mbele ya macho yake, pamoja na kuba jeupe la jengo ambamo wawakilishi wa Marekani hutunga sheria zao. Nyumba hiyo yaitwa Cedar Hill, yaani Kilima cha Mierezi, nayo ilikuwa maskani ya Frederick Douglass tangu 1878 hata siku alipofariki. Mtu huyu alizaliwa mtumwa mwaka 1818 katika wilaya ya Talbot, jimbo la Maryland, akatoroka tarehe 3 Septemba 1838, na umri wake uliosalia akautumia, kwa ulimi na kwa kalamu, katika kutaka utumwa ukomeshwe na waliotoka humo wapewe haki zao. Juu ya hotuba zake na vitabu vyake yameandikwa mengi na wenye elimu kunishinda mimi. Ninalotaka kulisimulia ni habari ya nyumba yenyewe, kwa kuwa ilikaribia kupotea, na walioiokoa hawatajwi kwa kadiri wanavyostahili.

Aliyekaa humo kwanza, tangu siku za mwisho za miaka ya 1850, ni John Van Hook, mmoja wa washirika walionunua mashamba ya upande ule wa mto mwaka 1854, wakayakata viwanja, wakauita mtaa wao mpya Uniontown. Katika masharti waliyoyaweka lilikuwamo hili, kwamba mahali pale pasiuzwe wala pasipangishwe kwa mtu mwenye asili ya Afrika, wala kwa mtu mwenye asili ya Ayalandi. Baadaye Van Hook akafilisika, na nyumba ikaangukia katika mali za benki ya Freedman's, ambayo ilianzishwa mwaka 1865 ili watu waliotoka utumwani wapate pa kuweka akiba zao, na ambayo ilivunjika mwaka 1874, Douglass mwenyewe akiwa ndiye rais wake kwa miezi michache ya mwisho, akiisha kuitwa kuiongoza wakati maji yamekwisha kuzidi unga. Basi ikawa mwaka 1877 mtu ambaye masharti ya Uniontown yalimkataza kununua hata kiwanja kitupu, aliinunua nyumba ya mwasisi wa Uniontown kwa dola 6,700. Akaongeza ardhi mpaka ikafika ekari 15, akajenga upande wa nyuma, na vyumba vilivyokuwa 14 vikawa 21.

Mama mwenye nyumba wa kwanza katika siku hizo alikuwa Anna Murray, mke wa Douglass wa ujanani, mwanamke aliyekuwa huru walipokutana Baltimore, na ambaye akiba aliyoipata kwa kazi za majumbani ndiyo iliyomsaidia mtoro yule kwenda kaskazini. Anna hakujaaliwa kusoma ila kidogo sana, na kwa hiyo hakuacha barua za kumweleza. Mtafiti anayetaka kumjua hana budi kumtafuta jikoni, katika vyombo na mpango wa nyumba, na katika maneno ya watoto wake. Naona jambo hili ni la kuangaliwa sana, kwa sababu tarehe iandikwayo kwa karatasi peke yake humsahau mtu kama huyu, ilhali nyumba humkumbuka. Alifariki humo Agosti 1882.

Hasara nyingine ilikuwa imekwisha kutokea kabla ya hapo. Mwaka 1872 nyumba yao ya Rochester, katika jimbo la New York, iliungua, na ndani yake yakateketea majalada ya magazeti ambayo Douglass aliyatoa kwa miaka mingi, mengine yasiweze kupatikana tena kwa ukamilifu. Kwa sababu ya moto ule, kila alichokiweka Cedar Hill baadaye, vitabu vya maktaba yake, barua, fidla aliyoipenda, bakora ya Abraham Lincoln aliyotumiwa na mjane wa rais huyo, kilikuwa na thamani kubwa zaidi kama ushahidi wa maisha yake.

Mwaka 1884 Douglass alimwoa Helen Pitts, mwanamke wa Kizungu, binti wa mtu aliyeupinga utumwa, ambaye alikuwa karani katika afisi aliyoisimamia Douglass. Na ndoa hiyo iliwachukiza jamaa wa pande zote mbili. Tarehe 20 Februari 1895 Douglass alirudi nyumbani kutoka mkutano wa wanawake wadaio haki zao, akawa anamsimulia mkewe yaliyopita huko, akaanguka ukumbini akafa. Wasia ulipofunguliwa ilionekana kuwa nyumba amemwachia Helen, lakini wasia wenyewe ulikuwa na mashahidi wawili, na sheria ya mji wa Washington kwa mali isiyohamishika ilitaka mashahidi watatu. Kwa upungufu wa sahihi moja wasia ukabatilika kwa upande wa nyumba na ardhi, na mirathi ikawa ya wote, wakiwamo watoto wa Anna, ambao hawakuwa na moyo mmoja na mama yao wa kambo.

Helen alikuwa na njia nyepesi, nayo ni kuuza, kugawana, na kurudi kwao. Hakuifuata. Alikopa fedha, akaiweka nyumba rehani, akawanunulia warithi wenzake mafungu yao, kisha akawa anasafiri kutoa mihadhara ili apate cha kulipia deni, na wakati huo huo hakutupa karatasi wala hakukiondoa kiti. Nia yake ilikuwa kile ambacho sisi watu wa pwani tunakijua kwa jina la wakfu: mali kuzuiwa isiuzwe, isirithiwe, wala isitolewe zawadi, ikabaki manufaa yake kwa watu. Mwaka 1900 Kongresi ilikubali kuundwa kwa chama cha kuihifadhi nyumba kwa kumbukumbu ya Douglass, na Helen alipofariki mwaka 1903 chama hicho kikairithi, pamoja na rehani yake. Na wakfu usiokuwa na duka wala shamba la kuulisha huangamia, kama wajuavyo wasimamizi wa misikiti yetu ya zamani. Paa likivuja hakuna wa kununua chokaa.

Mfano aliokuwa nao Helen mbele yake ni Mount Vernon, nyumba ya George Washington, ambayo chama cha wanawake kiliinunua mwaka 1858 kwa dola 200,000 ili isiharibike. Huko Mount Vernon, mwaka aliofariki bwana wake, 1799, walikuwapo watumwa zaidi ya 300. Wenye mali walichangia nyumba ile kwa moyo mkunjufu. Nyumba ya mtumwa aliyejikomboa ilingoja.

Walioifikia mwisho ni wanawake Weusi wa chama cha National Association of Colored Women, kilichoundwa mwaka 1896, ambacho mwaka 1916, chini ya rais wake Mary Talbert wa Buffalo, kiliichukua Cedar Hill kuwa amana yake. Walikuwa walimu, washoni, wafuaji nguo, wake wa makasisi, kila mmoja katika klabu ya mji wake, na fedha zao zilikusanywa kidogo kidogo katika nchi ambayo wakati ule, katika majimbo ya kusini, mtu mweusi aliweza kuuawa na umati wa watu na asipatikane wa kuhukumiwa. Katika waliotoa, aliyewazidi wote ni Madam C. J. Walker, mwanamke aliyetajirika kwa biashara ya mafuta ya nywele, ambaye wazazi wake walikuwa watumwa; alitoa dola 500. Mwaka 1918, mkutano wao ulipofanyika Denver, deni lilikuwa limekwisha, na hati ya rehani wakaichoma moto mbele ya hadhara. Kisha wakaitengeneza nyumba, na Agosti 1922 wakaifungua kwa watu. Sijui kisa kingine cha wakfu kilicho na utu kushinda hiki, na kwa maoni yangu jina la Mary Talbert lingestahili kutajwa kila litajwapo jina la mwenye nyumba.

Serikali ilikuja baadaye. Kwa sheria ya mwaka 1962 nyumba iliingizwa katika hifadhi za taifa, mafundi wakafanya kazi kwa miaka kadhaa, na mwaka 1972 ikafunguliwa tena. Mwaka huo huo karatasi za Douglass zilizokuwa zimehifadhiwa nyumbani zikawekwa katika Maktaba ya Kongresi, ambako wasomi wa dunia nzima hupata kuzisoma. Mwaka 1981 kikajengwa upya kibanda cha mawe kilicho nyuma ya nyumba, kisicho na dirisha, ambamo Douglass alijitenga kusoma na kuandika, naye alikiita Growlery, yaani pa kungurumia, kwa neno alilolipata katika riwaya ya Charles Dickens. Baadaye, kati ya 2004 na 2007, nyumba ilifungwa kwa ukarabati mwingine.

Nadhani asiyefanya kazi hii huona kuwa kuitengeneza nyumba ni kazi ya mwashi na seremala tu. Lakini kabla ya mwashi kushika mwiko lazima aulizwe, ni nyumba ya mwaka gani tunayoirudisha? Ile ya Van Hook, ya Anna, ya mwaka wa mauti, au ile ya wanawake wa 1922? Hapo ndipo zinapotakiwa picha zilizopigwa humo ndani zamani, orodha za vitu, barua na risiti, na kila rangi na kila karatasi ya ukutani ipate ithibati yake. Cedar Hill ilijaaliwa kwamba vitu vingi vilivyomo ni vile vile vya Douglass, na hilo ni kwa sababu mjane mmoja, akiwa na deni, alikataa kuviuza.

Mwaka 1922, ambao nyumba ile ilifunguliwa, ndio mwaka ambao utumwa ulipigwa marufuku kwa sheria Tanganyika. Unguja ulikuwa umefutwa tarehe 6 Aprili 1897, kwa amri ya Sultani Hamud bin Muhammed, miaka miwili baada ya Douglass kuanguka ukumbini mwake, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Sisi pia tuna nyumba zetu za habari hii. Pale Mbweni, kusini ya mji wa Unguja, walikokaa watu waliotwaliwa kutoka majahazi ya biashara ya watumwa wakawekwa chini ya misheni ya Kiingereza, shule waliyosomeshwa wasichana waliokombolewa imebaki kuta zisizo na paa. Na amri ya 1897 haikumwacha mtu huru mpaka aende mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake, kwa hiyo kuna hati, na nakala za hati, na baadhi yake huenda ziko masandukuni mwa wajukuu ambao huziona kuwa ni aibu ya ukoo. Ewe msomaji, ikiwa katika sanduku la bibi yako imo karatasi ya namna hiyo, au picha ya baraza iliyobomoka, usiichome wala usiiache iliwe na mchwa: ipeleke Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, iandikwe jina la aliyekuwa nayo na mahali ilikotoka.