Mpaka wa 1863 na Urithi wa Ukerewe

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya baadaye hungoja tamko la Waziri. Hapa Nansio, kasoro ya mpaka huo ni dhahiri. Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe, alizaliwa 1896. Akihofia mila na lugha ya Wakerewe kupotea, alikamilisha riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe. Kiswahili chake kilichapishwa 1980, alifariki 1981. Kwa kipimo cha sheria, hakuna nyumba ya zama zake inayolindwa pasi na tamko. Wapenzi wa lugha, tusingoje watalii watufunze thamani ya kilicho chetu: vijiji viombe tamko, Serikali itenge fungu, nasi tumsome Kitereza.