Homa ya Muhula wa Pili

Nyanya yangu huapa kwamba alipofika kuchuna majani chai, mwanzoni mwa miaka ya 1960, hakuna mtu kambini aliyekuwa na neti. Shida ilikuwa blanketi. Mimi nimekulia kwenye nyumba hizo hizo za wafanyakazi, upande wa Kericho unaoelekea Bomet, miaka ya tisini, na ninachokumbuka ni klorokwini: ule uchungu, halafu ngozi kuwasha usiku kucha. Hesabu utaisoma saa ngapi?

Kila mwaka ilikuwa hivyo. Mvua ya Aprili ikishapita, homa inafuata Mei, Juni, Julai. Yaani muhula wa pili wote. Mwalimu hangoji mtu. Ukirudi unakuta wenzako wameshamaliza sehemu na wako kwenye desimali.

Malaria si mwenyeji wa milima hii. Askari waliorudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ndio walioipandisha huku. Miaka ya 1920 yakaja mashamba makubwa ya chai, na vibarua kutoka kila upande. Homa ililipuka mara kwa mara hadi dawa za kinga zilipoizima miaka ya 1940. Nyanya alifika wakati wa ule utulivu. Miaka ya 1980 homa ikarejea.

Kwa nini? Hapo wasomi walivutana. Mwaka 2002 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliosema hali ya hewa ya Kericho haijabadilika vya kutosha kulaumiwa. Wengine wakanyooshea kidole dawa zilizoshindwa nguvu. Kuhusu dawa sibishi, nilijikuna bure. Lakini mwaka 2011 vipimo vya kituo cha Kericho, vya 1979 hadi 2009, vilionyesha joto limepanda takriban nyuzi 0.2 kila miaka kumi.

Utasema ni kidogo. Ila kimelea cha malaria hakikomai ndani ya mbu joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, na Kericho ilikuwa papo hapo mpakani.

Kule Bondo, watafiti waliwapa watoto wa shule za msingi dawa ya malaria mara moja kila muhula. Matokeo yalitoka 2008: upungufu wa damu ulipungua karibu nusu, na umakini darasani ukapanda. Kumbe hata niliyekuwa nimekaa kwenye dawati sikuwepo.

Siku hizi nyanya analala ndani ya neti. Kila asubuhi anaifunga fundo akinung'unika kwamba inamletea joto.