Sidii Iliyokuja kwa Hiace

Fundi alishuka kwenye hiace ya kutoka mjini na sidii moja kwenye mfuko wa shati. Juu yake alikuwa ameandika kwa maka pen: XP SP3 MPYA. Ilikuwa 2009, mimi nikiwa kidato cha pili, na stesheneri ya baba hapa Terrat ilikuwa na kompyuta moja tu, ya mtumba, iliyokuwa imegoma kuwaka tangu Jumatatu.

"Mzee, hii nimeichoma mwenyewe," fundi alisema. "Ile yako ya zamani imezeeka."

Baba alicheka. Sidii iko kwenye kasha lake, haina hata mkwaruzo, inazeekaje?

Nimekaa na swali lile miaka mingi. Windows XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001, na sidii iliyochapwa wakati ule inaijua dunia ya wakati ule tu. Haikujua kwamba Agosti 2003 kingekuja kirusi kinachoitwa Blaster, ambacho hakikuhitaji mtu abonyeze chochote. Kompyuta isiyo na kiraka ilichohitaji ni kuunganishwa mtandaoni tu. Microsoft walikuwa wakitoa viraka, kisha wakavikusanya kwenye mafurushi: Service Pack 1 mwaka 2002, ya pili 2004, ya tatu 2008.

Kwa mwenye intaneti ya uhakika hilo halikuwa tatizo kubwa. Unapiga window kwa sidii ya zamani, unaunganisha, viraka vinashuka vyenyewe. (Ingawa hata hapo kuna kichekesho: mgonjwa anapitishwa wodi ya wagonjwa ili akachukue chanjo.) Huku kwetu hesabu ilikuwa nyingine. Service Pack 3 kamili ilikuwa na takriban MB 316. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya saa 12, laini isikatike na umeme usikatike. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla yake nchi ilikuwa ikitegemea zaidi setilaiti, na setilaiti ilikuwa ghali. Kwa hiyo sasisho lilishushwa mara moja, mahali pamoja penye mtandao wa maana, halafu likapanda hiace.

Ila kulipakia kwenye sidii ya kuwashia ilikuwa kazi ya fundi kweli. Unanakili sidii ya zamani yote kwenye diski ngumu. Unaliambia furushi la viraka, kwa amri ya /integrate, lisijifunge kwenye kompyuta unayotumia bali liingie ndani ya ile nakala. Linapita kwenye folda ya I386, linatoa faili kuukuu, linaweka mpya. Waliopenda vitufe kuliko amri walitumia nLite, programu ya bure, ambayo iliwaruhusu pia kuongeza draiva na kupunguza makorokoro.

Hapo wengi waliona wamemaliza, wakachoma, wakaharibu sidii. Kwa sababu kuna kitu hakionekani kwenye orodha ya faili: kipande kidogo cha kuwashia, baiti 2,048 tu, kilichofichwa nje ya mafolda. Utaratibu wake unaitwa El Torito, ni wa mwaka 1995. Bila hicho kipande sidii inafunguka vizuri, kila faili lipo, lakini ukiwasha nayo kompyuta, mashine inaipita kama haipo. Ni lazima ukichomoe kwenye sidii ya asili, kisha ukirudishe wakati wa kuchoma.

Nikisoma historia ya kompyuta Tanzania naanzishiwa Hazina, 1965, kisha naelezwa kwamba 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kisha zuio likalegezwa, kisha mkongo. Yote ni kweli. Lakini kati ya zuio na mkongo kuna watu wenye mkoba wa sidii, na hao sijawaona kwenye vitabu.

Sitaki kuwasafisha kupita kiasi. Sehemu kubwa ya mzigo wao ilikuwa nakala zisizo na leseni, na kuna sidii zilizokuja na virusi ndani, umechanjwa na ugonjwa wenyewe. Uliamini mkono, hukuamini lebo. Hata sidii nzuri ya SP3 ilianza kuzeeka haraka: Oktoba 2008 kilitoka kiraka kingine cha dharura, na Novemba kirusi Conficker kikaanza kuwatafuta wasiokuwa nacho. Nadhani ndiyo maana fundi wetu aliandika MPYA, na hakuandika tarehe.

Mwaka jana jirani yetu, mjane, alikuja nyumbani. Marehemu baba ndiye aliyewachapia makubaliano ya kununua kiwanja chao, na karatasi yake imepotea. Shikamoo haijaisha vizuri akauliza, "Mwanangu, ile kompyuta ipo?"

Ilikuwepo. Diski yake ilikuwa inagonga, nikawahi kunakili mafaili. Baba alikuwa anaandika kila kitu kwenye PageMaker, hata barua za kuomba kazi, na kompyuta yangu ya sasa haiwezi kuyafungua. Nikapata diski ngumu nyingine ya mtumba, GB 160. Sidii ya zamani ya baba ikaona 137 tu. XP ya mwanzo haijui kuhesabu zaidi ya hapo, mpaka SP1. Ile ya fundi ilishachubuka, haisomeki. Ikabidi nikae usiku nichome yangu. Ya kwanza niliharibu, nadhani unajua kwa nini.

Ya pili iliwaka. PageMaker ikaingia, faili likafunguka. Printa yangu haina draiva ya XP, nikapiga picha kioo kwa simu. Si hati, haina saini ya mtu. Ila chini yake kuna majina manne ya mashahidi, na mama alipoyasoma alisema wawili bado wapo hai, mmoja anakaa Muriet. Akaniomba namba ya bodaboda.